Kiti cha Namalwa Kwenye Ndege ya Jumamosi

Karen, Nairobi
3 Agosti 1959

Mpwa wangu Namalwa,

Ndege ya Ulaya haiondoki Nairobi mpaka mimi niseme kapteni amekula akashiba. Nimetanguliza hilo ili ujue salamu hizi zinatoka kwa nani. Sasa, hujambo? Na dada yangu, mama yako, miguu bado inamsumbua? Mimi ni mzima, kazi tu.

Safari usiiogope. Huyu kapteni ninayempikia aliniuliza siku moja, "Zedekiah, mawingu ya leo unayaonaje?" Nikamwambia angoje kidogo. Akangoja, na watu wote ndani ya ndege wakangoja.

Shika haki zako. Ndege ikichelewa, kampuni ikulishe. Ikilala, wakupe kitanda chenye shuka. Wakipoteza sanduku, usitoke pale kaunta mpaka waandike. Pasipoti na vyeti usivitie sandukuni, vikae mkobani. Na ndizi usibebe, maana mzigo unapimwa, hata wewe utapandishwa mizani kama gunia la mahindi. Ukiambiwa hakuna, simama tu, utaje jina langu.

Mjomba wako,
Zedekiah

*

Kimilili
10 Agosti 1959

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi hatujambo. Miguu ya mama ni ile ile, ila tangu tikiti ije anatembea mpaka kanisani kuionyesha watu.

Mwalimu Hannah alitusomea maneno ya nyuma ya tikiti. Abiria lazima aende ofisi ya kampuni mjini, siku tatu kabla, aseme kwamba bado anasafiri. Asipokwenda, kiti chake kinapewa mtu mwingine na kampuni haina lawama. Treni itanifikisha Nairobi Ijumaa na ndege ni Jumamosi, kwa hiyo mimi siwezi. Tafadhali, mjomba, nenda wewe. Namba ya tikiti nimeiandika hapo chini.

Kule hospitalini Uingereza masomo ya uuguzi yanaanza Jumatatu. Wamesema anayechelewa, nafasi yake inakwenda kwa anayesubiri.

Mwana wa dada yako,
Namalwa

*

Karen
17 Agosti 1959

Mpwa wangu,

Barua imefika na mimi sijambo, ila hilo la kwenda kuuliza limenishangaza. Kwetu ukinunua ng'ombe ukamwacha kwa aliyekuuzia mpaka mvua iishe, utarudi tena kuuliza kama bado ni wako? Huko ni kumwita mtu mwizi. Hata Wazungu wana heshima zao.

Lakini kwa kuwa Mwalimu Hannah ana hofu, nitakwenda. Jumatano ya wiki ijayo memsahib, mke wa kapteni, ananituma mjini kununua nyama. Nitaingia ofisini kwao pale Delamere Avenue, nitakaa, meneja ataagiza chai. Wewe funga sanduku.

Mjomba wako,
Zedekiah

*

Simu ya maandishi, Nairobi, 26 Agosti 1959

NIMEONANA NA MENEJA. KITI NI CHAKO. NJOO. MJOMBA

*

Hurlingham
31 Agosti 1959

Mjomba,

Natumaini u mzima. Mimi niko kwa Annah wa kanisani, kwenye nyumba za wafanyakazi, na Karen sitakuja kwa sasa.

Naandika yaliyotokea uwanjani ili tusije tukawa na hadithi mbili. Karani alitafuta jina langu, halikuwepo. Akasema, "Dada, hukuja kuthibitisha. Kiti kimepewa bwana mwingine." Ukapiga kaunta. "Basi mpeni chakula na kitanda, ni haki yake." Akakujibu taratibu, "Mzee, hiyo ni haki ya mtu ambaye ndege yake imechelewa. Hii haikuchelewa. Ile pale."

Tukasimama tukaitazama ikipaa. Mama mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe alidhani na sisi tumemsindikiza mtu. Akanishika mkono, akasema usilie, atarudi salama.

Karani alikuuliza ulisema na nani ofisini. Ukasema meneja, bwana mnene. Akasema meneja wao ni mama, na mwezi huu wote yuko likizo.

Nimepeleka simu hospitalini, nangoja jibu. Mjomba, uliingia?

Namalwa

*

Karen
6 Septemba 1959

Mpwa wangu,

Salamu. Usikate tamaa, mambo haya nimeyashika mimi. Kapteni amekasirika sana, amesema atawasimamisha wote. Nitawashtaki mpaka walie. Kuhusu kuingia, hilo ni swali la kumuuliza mtu mzima?

Nilikuja Hurlingham jana. Annah aliniambia umelala, na mimi nilikuona dirishani.

Mjomba wako,
Zedekiah

*

Hurlingham
14 Septemba 1959

Mjomba,

Hospitali wamejibu. Nafasi imekwenda. Misheni walionilipia nao wanasema msaada wao ulikuwa wa mwaka huu tu.

Karani ni mtu mwema. Ameniambia tikiti yangu bado ni halali, naweza kuondoka siku yoyote nitakayo. Kwenda wapi?

Alhamisi napanda treni kurudi. Usije stesheni. Mwalimu Hannah ameandika kwamba mama hatoki tena nyumbani, hata kanisani haendi, kwa sababu watu wanamuuliza kama nimefika.

Namalwa

*

Karen
11 Oktoba 1959

Mpwa wangu Namalwa,

Hujambo? Mama hajambo? Nimeandika mara mbili hukujibu, na sikulaumu.

Kapteni hajasema lolote, maana sikumwambia. Wala hajawahi kuniuliza habari ya mawingu. Huniuliza kama mayai yameiva.

Jumatano ile nilikwenda, hilo ni kweli. Nilivaa koti alilonipa kapteni, na namba yako nilikuwa nayo mkononi. Mlango wao ni wa kioo kitupu, watu wote wa ndani unawaona. Nikavuta, haukufunguka. Msichana mmoja akainua macho akanitazama. Nikavuta tena, kwa nguvu. Watu wakageuka. Nikajiambia, Zedekiah, hawa wamewafungia mlango watu kama wewe, ondoka kabla hawajaita askari. Nikaenda kununua nyama. Halafu nikapita posta nikakupelekea ile simu, kwa sababu niliona kiti kimelipiwa, kitakwenda wapi?

Juzi nilitumwa mjini tena, nikasimama ng'ambo ya barabara nitazame wenzangu wanaingiaje. Akaja mwanamke amebeba mtoto, mikono yote imejaa. Akausukuma mlango ule kwa bega, akaingia.

Mjomba wako,
Zedekiah