Tonge la Pasaka

Addis Ababa,
Ijumaa jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kukusumbua. Mimi mwili hauna neno, ila moyo hauna raha kabisa.

Umeniuliza kwa nini sikuonekana kwenye mazishi ya Baba Zewdu, mtu aliyenisimamia siku ya ubatizo wangu. Umesema waliotoka huko Dessie kuja kuzika wamekusuta kwamba umezaa jiwe. Wana haki. Tafadhali kaa kwanza, nikueleze.

Hapa maabara ya polisi vielelezo huletwa na namba tu, bila majina. Jumanne baada ya Pasaka nililetewa pamba aliyopanguswa nayo marehemu mmoja mdomoni. Daktari alisema mtu huyo alizibwa pumzi. Polisi walikuwa wameshamkamata mpangaji wake, Shiferaw, maana mtaa mzima ulijua wamegombana mwaka mzima kwa sababu ya choo cha uani. Mimi nilitakiwa kutazama vinasaba vya nani vimo kwenye ile pamba. Nikakuta vya marehemu, vya Shiferaw, na vya mtu wa tatu.

Huyo wa tatu, Mama, alikuwa mimi.

Sisi wafanyakazi vinasaba vyetu vimehifadhiwa, ili anayechafua kielelezo ajulikane mara moja. Mkuu wangu, Ato Bezabih, alinicheka mbele ya wenzangu: eti nimepiga domo bila barakoa, sijui nilikuwa namsimulia marehemu habari za harusi! Wote wakaangua kicheko. Akaniamuru niviondoe vyangu kwenye ripoti, vya Shiferaw vibaki. Lakini sikuwa nimevua barakoa hata dakika moja. Nikaomba kuliona jina la marehemu. Alikuwa Baba Zewdu. Nikafanya nilivyoamriwa, nikatia sahihi.

Shiferaw amewalilia wapelelezi kwamba siku ya Pasaka alipatana na mzee, wakalishana matonge kwa mkono kama desturi yetu, na kwamba aliyewapatanisha ni mwanamke anayeitwa Welete Mariam. Wamemkejeli: we bwana, mgombane mwaka mzima halafu mlishane? Huyo Welete Mariam wako malaika nini, mbona mtaani hakuna anayemjua? Redio ya marehemu imepotea, wala haikukutwa kwa Shiferaw. Lakini nani atahangaika na redio, wakati karatasi yangu inasema vidole vya Shiferaw viligusa mdomo wa marehemu? Jumatatu anahukumiwa. Mkewe ni mjamzito, nami nampita kila asubuhi langoni kwetu kazini, nikiinamisha kichwa.

Mama, unalijua jina hilo la Welete Mariam. Kazini mimi ni Hirut, lakini Baba Zewdu hakuwahi kuniita ila kwa jina la ubatizo, na Shiferaw hanijui kwa jina jingine. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemketisha Shiferaw mezani. Alipomaliza kumlisha mzee, nami nikamlisha tonge la injera na mchuzi wa kuku, na Baba akalipokea huku anacheka. Vinasaba vyangu havikutoka kwenye domo langu. Vilitoka kwenye vidole vyangu, kama vya Shiferaw.

Nilinyamaza kwa woga, na mazishini sikwenda nisije nikatambuliwa. Kanuni inatukataza kugusa kesi ya mtu wetu, na aliyelishwa na wawili anaweza kudhaniwa ameuawa na wawili. Gari likisimama nje nadhani wamekuja. Nimemwacha mtu asiye na kosa aende kufungwa ili mimi nisiulizwe.

Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu niseme yote. Naogopa, Mama, naogopa sana, huenda nisitoke tena. Nisalimie wadogo zangu, na unisomee dua kanisani. Na wapelelezi wakija kukuuliza Welete Mariam ni nani, najua utataka kunificha. Usinifiche. Waambie ni mwanao.

Akupendaye,
Hirut