Kadi Nilizozikata Nusu

Mzee Komba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Jalada la Kitura limepatikana. Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo lililokutoa kazini, watu wa Mbinga wakanong'ona kuwa umeliuza, ukafia kwenu kando ya ziwa na jina hilo. Hukuliuza. Nililipoteza mimi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikizikata nusu kadi za masjala ya siri, nikijisifu kuwa nabana matumizi? Ulicheka. "Binti wa Tanga, kadi ibebe njia yote: kabati, rafu, boksi, jalada." Nikasema ndiyo, Mzee. Lakini zile nilizokwisha kukata niliona uchungu kuzitupa, nikazitumia kimyakimya.

Vijiji vya Kitura na Namswea vilipounganishwa, jalada la Kitura nililitia ndani ya jalada la Namswea. Kadi ile nusu ikaishia kwenye neno "boksi". Nafasi ya kuandika "ndani ya Namswea" haikuwapo. Nikasema nitakumbuka. Kukumbuka gani, na majalada yalikuwa yakiingia kwa magunia.

Jalada lilipotakiwa lisionekane, wakaguzi walifungua boksi, wakasoma majina ya juu, wakafunga. Jalada la siri halifunguliwi kama kadi haikulitaja. Ulitufundisha wewe mwenyewe. Nilikusihi uyapekue yote. Ukasema, "Sina ruhusa, hata ya kujiokoa." Nilikukasirikia sana siku ile. Mkaidi wewe.

Majuzi tuliamriwa kuyafungua yote tupunguze makabati, la Kitura likaniangukia mapajani, na mwandiko wangu juu yake. Nililia, nikacheka, nikaenda kwa mkuu wa ofisi nikasema yote mbele ya makarani wenzangu. Nimeshushwa cheo. Sijali, Mzee. Kifua kimekuwa chepesi, hata chakula kina ladha.

Barua ya kukusafisha nimeipeleka mwenyewe kwenu Mbamba Bay, nikamsomea mkeo majirani wakiwapo. Akataka niisome tena, polepole. Nilipomaliza aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Mmesikia." Kisha akaingia jikoni kunipikia usipa, dagaa wa ziwa lenu, wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Lala salama, Mzee wangu. Atakayeuliza nani alilipoteza jalada lile nitajibu ni mimi, hata nikiwa bibi kizee, hata akiwa ni mwanangu anayeuliza.

Mwanafunzi wako,
Mwanaidi