Kijani Gani?

Vitongoji, Pemba
6 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Ngwali,

Assalaamu alaykum. Hujambo na wenzako huko Dodoma? Mgongo umekupoa? Sisi wazima, ila wazima wa kuchoka. Mama, dada yako, miguu inamsumbua lakini hatulii nyumbani.

Mjomba, bahari imeingia tena bondeni. Tuta alilojenga babu limekatika, na mpunga wa mwaka jana ulikauka umeshabeba mimba. Masika hayo yaja. Tusipolijenga sasa, sijui tutapanda nini.

Ndiyo maana nilifurahi uliponipigia kusema Benki Kuu mmezihimiza benki ziwakopeshe watu wa mabonde yanayoliwa na bahari, tena bila riba. Najua umelipigania jambo hilo miaka. Mabwana wa benki wakaja kweli, tukakusanyika skuli. Wakatundika kitambaa: MKOPO WA KIJANI.

Mzee Shaame, jirani yetu, akauliza, "Kijani gani?" Akaondoka, na nusu ya watu nyuma yake. Unatujua, Mjomba. Huku kijani ni chama tawala, na wengi wetu si wake. Hata kanga ya rangi hiyo mtu huifikiria kabla ya kwenda nayo sokoni. Msemaji wao, maskini, akabaki kuvielezea viti habari za tabianchi.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba hadi sauti imenikauka. Wengine wanasema nimenunuliwa. Bi Saada, aliyemkanda Mama siku arubaini nilipozaliwa, sasa hapokei salamu zetu. Na bila yeye mkopo hakuna, maana tuta linapita kwenye majaruba ya mpunga ya wote, na wote lazima watie saini. Nimechoka, Mjomba, nakwambia kweli.

Wewe unakaa na wakubwa wanaoyapa mambo majina. Waambie huku wauite mkopo wa tuta. Tuta halina chama. Mabwana wa benki wanarudi kabla ya Ramadhani.

Jana nilimkuta Mama bondeni, peke yake, anaziba tuta kwa jembe. Nikamwambia turudi. Akanijibu, "Kijani nkijuacho mie ni hichi kilichokuwa hapa." Mbele yake ardhi yote ilikuwa nyeupe kwa chumvi.

Nisalimie Bi Khairiya na wanao. Mama anakuombea dua. Mungu akupe sauti ya kusikiwa huko, maana yangu imekwisha.

Mpwa wako akupendaye,
Nadhira