Mashimo Kwenye Njia ya Skii ya Baba Mkwe

Shangazi Borghild mpendwa, wewe wa redio ya bonde, naomba msaada na naomba haraka, maana Jumamosi hii ya Pasaka ikifika saa sita mchana, ama nitakuwa mkwe wa watu, ama nitakuwa kichekesho cha bonde zima.

Mimi ni mpishi wa meli, tena si mpishi wa kubahatisha, nimekaanga samaki meli ikiwa imelala ubavu na sufuria haikumwaga hata tone, nimekula na kucheza Santos, Busan na Durban, nimepigana na pweza mzima jikoni na nikamshinda, shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, lakini dunia naijua. Kitu kimoja tu sikijui, Shangazi. Sijui skii, zile mbao za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji. Ndiyo, mimi Mnorwei wa damu, mwenye pasi ya Norwei, sijui skii, kwa sababu kisiwa nilichozaliwa huko magharibi hakina theluji, kina mvua, na sisi tulijua kupiga makasia kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Sasa nina mchumba, Gyda, mwanamke ambaye akicheka hata baharia mgonjwa anashuka kitandani, na Krismasi alinipeleka kwao, na baba yake, mzee Torleiv, akanisogezea sahani ya nyama akaniuliza, "Na wewe kijana, skii unapenda?" Mdomo wangu huu haujawahi kuniomba ruhusa. Nikamjibu, "Mimi, mzee? Nyumbani walikuwa wananiita Upepo." Mzee aliinuka akanikumbatia mbele ya watu. "Aslaug!" akamwita mkewe. "Umesikia? Tumepata mtu wa mzunguko wa mwisho!" Ndipo nikajua kwamba kila Pasaka familia yao inashindana mbio za kupokezana na familia ya nyumba ya jirani huko mlimani, na tangu Gyda akiwa na meno ya utoto hawajawahi kushinda.

Basi tumekuja mlimani wiki hii, na kila asubuhi naondoka peke yangu na skii begani, nikiwaambia kwamba mabingwa hawafanyi mazoezi mbele za watu. Shangazi, nani alibuni kitu hiki? Mbao mbili nyembamba kama ulimi wa nyoka, kisigino kinaning'inia hewani, ukiinama mbele unalamba theluji, ukiegemea nyuma unakalia makalio. Mimi naanguka hata pale ambapo ardhi ni sawa kama meza. Naanguka nikiwa nimesimama. Kuinuka ndiyo balaa lenyewe, skii moja inataka kwenda Uswidi na nyingine inarudi nyumbani, na fimbo zimenikaba shingoni. Nikipanda kilima narudi kinyumenyume taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeaga msibani. Kushuka sisemi. Kuna bibi mmoja mwenye mbwa alinikuta nimekumbatia msonobari, akaniuliza, "Unaupenda sana, eeh?" nikamjibu kwamba nachunguza magome.

Sasa sikia dhambi yangu. Jumatano nilichoka, nikazivua skii nikaamua kurudi kwa miguu, na kwa kuwa pembeni theluji ilinimeza hadi kiunoni, nikatembea katikati ya njia ya skii, juu ya ile mifereji miwili ya kupitishia skii iliyochongwa na mashine asubuhi hiyo hiyo, kutoka ziwani mpaka karibu na nyumba, kila hatua shimo. Shangazi, huhitaji kuniambia. Nilijua. Hata sisi wa mvuani tunajua kwamba hapa mtu anaweza kusamehewa wizi wa mashua, lakini si hilo.

Mzee Torleiv alirudi mchana uso umeiva kama kamba wa kuchemsha. "Mhuni gani katembea kwa miguu kwenye njia?"

"Labda wageni wa mjini," mama mkwe alisema, huku anamenya chungwa.

"Mgeni gani wa mjini ana miguu kama hiyo? Huyo ni ng'ombe aliyevaa buti!"

Gyda akacheka. Mimi kipande cha chungwa kikanikaa kooni, na mzee akanipiga mgongoni mpaka kikatoka, akasema, "Pole, Upepo, najua wewe jambo hili linakuuma kuliko sisi sote. Vaa, tukamtafute." Nikasema mgongo unaniuma. Akaenda peke yake, akarudi na kijiti alichopimia shimo, na kijiti hicho amekisimamisha mlangoni pale tunapovulia viatu, na kila mgeni anayeingia mzee anamwangalia miguu kwanza, uso baadaye. Buti zangu nimezificha chini ya kitanda. Chooni, na choo kiko ng'ambo ya ua, nakwenda na ndala za mama mkwe.

Jana Gyda aliniangalia akaniuliza, "Unanificha nini wewe? Mtu akikosea mimi hanikasirishi, lakini akinificha siolewi naye." Nikamwambia ni mgongo. Sasa niambie, nijitegue mguu kidogo kabla ya mbio, au nipande basi la asubuhi nirudi baharini? Nampenda, Shangazi. Pweza wote wa dunia ningepigana nao. Nakuandikia kwa simu nikiwa hapo hapo chooni, na tafadhali ficha jina langu, na ujibu kwa kuzungukazunguka kama unamsema mtu mwingine, kwa sababu redio yako wanaisikiliza kila mchana wakila.

Ni mimi, Upepo.

SHANGAZI BORGHILD ANAJIBU:

Wewe mwanamume! Nimecheka mpaka fundi mitambo amekuja kuangalia kama nimepatwa na kitu. Sasa nimemaliza kucheka, kaa chini. Kama huwezi kukaa kwa sababu ya yale makalio, simama, lakini sikiliza.

Kutojua skii si aibu. Sisi wa bonde hili tunajisifu kwamba tulizaliwa nazo, uongo mtupu, tulijifunza tukiwa na nepi nene, kwa hiyo tulipoanguka tulidunda. Wewe umeanza ukiwa mtu mzima mwenye mifupa ya mtu mzima, bila mwalimu, kwa kujificha nyuma ya miti. Kila mtu anayeanza anaanguka akiwa amesimama. Kukumbatia msonobari ni hatua ya pili, unaendelea vizuri.

Lakini njia! Kutembea kwa buti juu ya njia iliyochongwa asubuhi! Hapo sikuhurumii hata kidogo. Mimi mwenyewe niliipita Alhamisi, nikaingiza skii kwenye moja ya mashimo yako, nikatua kwa pua. Kwa hiyo pamoja na kuwa mshauri wako, mimi ni mmoja wa unaopaswa kuwaomba msamaha.

Mguu hutegui. Basi hupandi. Mwanamke amekuambia waziwazi kinachomfukuza na kinachombakiza, na wewe unamjibu "mgongo"? Mgongo wako hauna ugonjwa wowote isipokuwa kwamba umekosa uti. Anza na Gyda, yeye kwanza, kama alivyotaka. Halafu toa buti chini ya kitanda, ziweke mlangoni kando ya kile kijiti, umwambie mzee, "Ng'ombe ni mimi." Atapiga kelele. Mwache apige, ana haki. Akimaliza, chukua koleo, nendeni wote mpaka ziwani, mfukie mashimo moja baada ya jingine mkiyashindilia kwa skii, na mkiwa huko umwombe akufundishe. Baba wa bonde hili hakuna anachokipenda kuliko kumwonyesha mtu mzima jinsi ya kukunja magoti. Atakuambia uache fimbo kwanza, uanguke kwa ubavu, na ukishuka ukutanishe ncha za mbele kama jembe. Mtii. Kesho mzunguko wa mwisho akimbie Gyda, na wewe simama mwisho wa njia na sufuria kubwa ya supu ya samaki, kwa sababu hicho ndicho unachokijua, na familia iliyozoea kushindwa inajua thamani ya supu ya moto.

Kuhusu kukuficha. Majina ya wote nimeyabadilisha, kama ilivyo desturi ya kipindi. Lakini umeniomba nifiche lako, kisha ukasaini kwa jina ambalo baba mkwe anakuita mezani, na hilo moja nimelisoma hewani kama lilivyo. Sasa ni Ijumaa mchana, mnakula, na redio iko juu. Naona kama nawaona: mzee ameshusha kikombe, anaangalia kijiti, anaangalia miguu yako.

Gyda ameshaanza kucheka au bado? Mgeukie yeye. Naweka muziki wa fidla wa kwetu, mrefu kidogo, kwa ajili yako. Ukiisha, uwe umeshasema.