Vitenge vya Mama Mkubwa Mbele ya Mchoraji

Shikamoo Mama,

Huku Makandana mvua imetufungia ndani, na dada yako anachorwa. Mpangaji wake ni mzee Mwitaliano ambaye tangu ujana amechora watu wa majikoni na masokoni, na hachori kitu asichokiona mbele yake. Basi kila asubuhi Mama Mkubwa anakaa kumenya ndizi akiwa na gauni jingine la kitenge, na mzee anafuta la jana. Juzi aliniomba nitafsiri: avae lile la kwanza, maana anaondoka Jumamosi na picha haijaisha.

Mama Mkubwa akanijia juu. “Gwe mwanangu, unataka Waitaliano waseme nina gauni moja?”

“Lakini picha ni moja!”

“Na siku ni ngapi?”

Leo Ijumaa magauni yamemwishia, akavaa langu, lile ulilonishonea wewe. Mzee hakuwa na muda wa kubishana tena. Amelichora mpaka likaisha, pamoja na mshono wa bega uliopinda. Nilimsihi aunyooshe. Akautazama vizuri, akaukolezea rangi.

Nimekukumbuka mno, Mama. Usinikasirikie, mkono wako unakwenda Italia.

Mwanao, Tusekile