Laptopu ya Baba Brendah

Malaba, Jumatano

Kwako Baba Brendah,

Huku mvua imenyesha, maharagwe ya shamba letu la Adungosi yamechanua, na mama yako ameacha kukohoa.

Laptopu uliyoniagiza nimeipata kwa Egwang, fundi wa pale stendi. Imetumika, lakini betri inakaa na chaji, wala haishiki moto. Anasema kwa kazi za kila siku na gemu kidogo, kwa bei hiyo hupati nyingine. Nikamwambia tuijaribu na ile gemu yako ya mtandaoni, maana paswadi ulinitumia mwenyewe.

Ilifunguka mara moja. Na ujumbe ukatokea humo ndani ya gemu, wa mtu anayejiita Sharlyne: "Babe, leo umechelewa. Njoo tucheze." Egwang akaanza kupangusa kioo kisicho na vumbi.

Mimi hujawahi kuniita babe, hata siku ya harusi.

Barua hii nimeikunja ndani ya laptopu, uione kabla hujaiwasha. Usihangaike kumweleza Sharlyne kwa nini ulichelewa. Nilimwandikia palepale dukani: "Yuko kazini Naivasha. Mimi ni mke wake, namnunulia laptopu."

Akaniuliza, "Mke yupi?"

Hilo nimekuachia wewe ulijibu.

Ni mimi,
Nasimiyu, Mama Brendah