Ruddlesby wa Columbia Heights

Oduor, mtoto wa mama,

Nimekukasirikia tangu ufe, kwa hiyo wacha nianzie hapo. Ulikuwa na haja gani ya kurudi? Mpira umeisha, mmeshinda, watu wanakunja nyavu, mimi nimeshawasha gari na honi nimepiga. Ukaniambia, "Ngoja kidogo, Akinyi, huyu kijana amenitukania mama," ukarudi uwanjani. Mama yuko kaburini Siaya miaka yote hii. Tusi la Espoir lingemfanya nini?

Niliona yote kupitia kioo cha gari, mkanda umenibana juu ya tumbo. Nilikuona ukimpiga ngumi, nikasema moyoni, vizuri, mwongeze. Halafu akakukumbatia. Hivyo ndivyo nilivyodhani, kwamba mmepatana, maana kila Jumapili baada ya ibada Wakenya na Wakongo mlikuwa mnagombana kwa mpira huo na kupatana kwa soda. Ukakaa kwenye nyasi kama mtu aliyechoka. Nilipokufikia damu ilikuwa imeshafika kwenye soksi. Kazi yangu ni ya hospitali, najua pa kukandamiza. Nilikandamiza kwa mikono miwili, nikaweka na goti, na bado wewe ulikuwa unatoka tu katikati ya vidole vyangu. Pale Richfield ndege hupita chini sana zikienda kutua, na moja ilipita wakati ule ule ulipofungua mdomo. Ulisema kitu, sikukisikia. Mpaka leo nikiwa naosha vyombo najikuta najaribu kuusoma mdomo wako.

Tulikusafirisha nyumbani ukazikwa kando ya mama. Mimi daktari alinikataza kupanda ndege kwa sababu ya mimba, kwa hiyo nilikuzika kwenye simu, nimeketi jikoni, picha inakatika katika. Mpira wa Jumapili umekufa. Kanisani watu walianza kujigawa wenyewe, sisi upande wa piano, Wakongo upande wa mlango, na mchungaji akihubiri upendo anaangalia dari. Mama Espoir aliendelea kuja. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, kilemba chake kimeshuka mpaka kwenye nyusi, na mimi nilikuwa naimba huku nikimwombea kifo cha mtoto wake. Nilimtajia Mungu jina lake kwa urefu wote, asije akakosea mtu.

Ndipo yule bibi Mwingereza akaniandikia. Hukumjua. Ni mzee aliyestaafu ualimu, anaishi huko kaskazini mwa Uingereza, na jina lake la ukoo ni Ruddlesby kama letu. Kazi yake ya uzeeni ni kutafuta kila mwenye jina hilo duniani, kwa kuwa wamebaki wachache. Akaona kwenye mtandao habari kwamba kijana anayeitwa Ruddlesby amechomwa kisu huku Minnesota, Marekani, akanitafuta mpaka akanipata. Alinipa pole kwa mstari mmoja. Mistari iliyobaki yote ilikuwa ya jina. Nilikaribia kuitupa simu ukutani. Damu yako bado iko kwenye kiti cha gari langu, mtu ananiuliza habari za ukoo!

Lakini nilisoma, si unanijua. Anasema jina lilianzia kwenye kijiji kimoja tu, bondeni, mahali pa wafugaji wa kondoo. Walikuwa wanachimba udongo mwekundu na kuwapaka kondoo migongoni ili kila mtu amjue wake. Kijiji kilikufa zamani, mwenye ardhi aliwafukuza watu akabomoa nyumba ili malisho yawe makubwa. Waliobaki na jina wako kwenye vijiji viwili vitatu chini ya bonde hilo hilo. Mmoja aliiba kondoo akapelekwa Australia kwa minyororo, na huko kuna kizazi chake. Ndugu yake yule mwizi hakupelekwa popote, alinyongwa. Na mmoja akaenda Kenya kutafuta dhahabu, shimo likamporomokea, akafa bila mke wala mtoto. Alinitumia ramani yenye nukta nyekundu, nukta moja imewekwa Nyanza na alama ya kuuliza pembeni. Anauliza, sasa ninyi mlitoka wapi?

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Nilikumbuka kule kliniki, muuguzi akitoka na faili na kuita "Mista Ruddlesby," anamtazama kila mzee wa kizungu mmoja baada ya mwingine, na wewe unainuka taratibu, unafunga vifungo vya koti kama balozi. Ulikuwa unaniambia, "Wao walimpoteza mzungu wao, mimi nimemwokota." Na baba naye, enzi zake, hakuacha kutusimulia juu ya huyo mzungu mwema aliyemsimamia babu ubatizo akampa jina. Tulikua tukijua kwamba kuna mzungu mmoja mwema duniani na tumeitwa kwa jina lake. Nikamtumia Shangazi Perpetua ujumbe wa sauti nyumbani, nikamuuliza huyo msimamizi wa ubatizo alikuwa nani hasa, nimjibu bibi wa watu aniache.

Kabla Shangazi hajajibu, Espoir akaachiliwa kwa dhamana.

Sitakuficha kitu, ndugu yangu. Nilichukua kile kisu chako cha kukatia nyama, ulichokuwa unanikataza nisikatie vitunguu. Nilikifunga kwa taulo nikakiweka chini ya mkoba. Nilimpeleka mwanangu shule, nikambusu, akaniambia, "Bye, Mum," nikaendesha gari mpaka Columbia Heights, kwenye yale maghorofa ya matofali anapokaa Mama Espoir. Nilipaki nikiutazama mlango. Nilikuwa nimeshapanga. Angetoka kuvuta sigara, ningemwita kwa upole, angenijia kwa sababu ya tumbo, nani anaogopa mama mjamzito? Ningemchoma pale pale alipokuchoma wewe, halafu nimshike asianguke, nimwangalie usoni mpaka mwisho. Sikuwa nimerukwa na akili. Moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko siku yoyote tangu ufe.

Akatoka. Kofia kichwani, kandambili na soksi, mwembamba. Na simu ikalia, Shangazi.

Nilipokea kwa mazoea tu, mkono mmoja uko kwenye taulo. Shangazi Perpetua hana salamu ndefu, unamfahamu. Alisema, "Akinyi, wewe ni mtu mzima sasa. Huyo mzungu hakumsimamia mtu ubatizo. Huyo mzungu tulimuua."

Sikiliza alichonieleza. Baba yake babu, mzee Owiti, alikuwa kibarua kwenye shimo la dhahabu la huyo Ruddlesby. Mzungu alikuwa na kiboko cha ngozi ya kifaru na alikitumia kama wengine wanavyotumia ulimi. Siku moja mke wa Owiti alileta chakula cha mumewe, akachelewa kupisha njia. Mzungu alimpiga teke la tumbo, na mimba ilikuwa kubwa. Ilitoka pale pale kwenye udongo, mbele ya wanaume. Owiti alishuka shimoni, akangoja. Mzungu aliposhuka kukagua, alimpiga jembe la kisogo, akampiga tena baada ya kuwa ameshakufa, akampiga mpaka mikono ikamfa ganzi. Kisha vibarua wote kwa pamoja wakaangusha magogo ya shimo. Serikali ilipokuja ikakuta maporomoko.

Mtoto aliyefuata alizaliwa analia. Alikataa ziwa, akalia mchana akalia usiku, anakauka mikononi mwa mama yake. Wazee wakamwita Owiti kando, wakamwambia anajua mwenyewe ni nani anayelia. Kwetu aliyeua mtu humpa mtoto wake jina la yule aliyemuua. Ukitaka usitake, aliyekufa mikononi mwako ni wa kwako, utamlisha, utamvika, utamwita kwa jina lake mpaka ufe. Owiti akaenda akasimama juu ya mtoto, akalitamka jina la yule mtu aliyemchukia kuliko wote duniani. Mtoto akanyonya. Huyo ndiye babu yetu. Mambo ya msimamizi wa ubatizo waliyatunga baadaye ili mapadri wasiulize.

Nilimwambia Shangazi niko wapi na nimebeba nini. Halafu akasema, "Basi umeshaamua jina la mtoto. Huyo wa tumboni ataitwa Espoir. Utamwita aamke, utamwita ale, utamwita aoge, utamsifu mbele ya wageni. Anayeua ndiye anayelea. Uko tayari kumlea?"

Wakati huo Espoir alikuwa amekaa kwenye ngazi, magoti yamekutana, anavuta sigara na kumwaga majivu kwenye kiganja chake mwenyewe. Nilijaribu kutamka jina lake kama mtu anayemwita mwanawe. Nilijaribu kweli. Nilifungua mlango wa gari nikatapika kwenye lami, akainua kichwa, akaniona. Tulitazamana. Niliufunga mlango nikaondoka, na njia nzima nilikuwa naupiga usukani makofi nikikutukana wewe, yeye, Owiti na Mungu.

Nilizaa msichana. Ni mzima, ana kelele. Kwa hiyo jina lako la kiume halikupata pa kukaa, na hapo ndipo uchungu ulipoanza upya. Mimi nimeolewa, natumia jina la mume. Wewe uliondoka bila mtoto, ulikuwa unasema ng'ombe kwanza, harusi baadaye. Ungefutika hivi hivi, Oduor, na mwenye kukufuta ana mpenzi wake mwenye mimba. Niliiona mimba hiyo kortini kwa macho yangu, chini ya sweta la bluu.

Jaji alinipa nafasi ya kusema kabla ya hukumu. Wakili aliniandalia maneno mazuri kuhusu pengo uliloacha. Niliyaacha kwenye kiti. Nilimgeukia Espoir nikaongea Kiswahili, wakamtafuta mkalimani haraka haraka, lakini yeye na mama yake hawakumhitaji. Nilimwambia sijamsamehe na asitumie pumzi yake kuniomba. Nilimwambia nilikuja kumuua na kilichomwokoa si huruma. Kisha nikamwambia desturi yetu, na ya Owiti na jembe lake pia, mbele ya watu wote. Nikasema, "Umekula mtu wetu. Kwetu mtu haliwi bure. Mtoto wako akizaliwa, mpe jina lake lote, la mwisho pia, umlee." Jaji akamuuliza mkalimani nimesema nini. Espoir alikuwa analia, na machozi yake yalinifurahisha, nayasema kama yalivyo.

Bibi Mwingereza nilimwandikia kila kitu, na jembe lenyewe. Nilimwambia jina lenu halijawahi kusafiri kwa amani, mama, lilifukuzwa bondeni, likafungwa minyororo, likafukiwa shimoni. Hajanijibu mpaka leo. Pengine ametufuta kwenye ramani.

Sasa nikuambie la wiki hii, ndilo lililonikalisha niandike.

Alhamisi asubuhi kengele ya mlango ililia. Mama Espoir, peke yake, amekuja kwa basi kutoka Columbia Heights, amebadilisha mabasi na barafu hii, amembeba mtoto mchanga ndani ya koti lake. Nilisimama mlangoni sikumkaribisha. Akasema, "Mama, nimemuleta mutoto. Tumemupa jina yenu. Uliisema ku tribinali, mbele ya jaji, na miye niliisikia." Akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa nne, nikaisoma. Oduor Ruddlesby, halafu jina la ukoo wao.

Nilimpiga kofi. Mwanamke wa umri wa mama yetu, nilimpiga kofi la nguvu mpaka kilemba kikamteleza. Hakurudi nyuma. Alimhamishia mtoto mkono wa pili ili asije akaguswa, akasema, "Piga tena, kama ingali mule ndani." Hasira haikuwa imebaki. Mikono ilinishuka yenyewe, nikaketi palepale kizingitini, baridi inaingia nyumbani, nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ile uwanjani. Naye akaketi. Alinieleza kwamba Espoir mwenyewe ndiye aliyelitaja, kwa simu kutoka gerezani, na kwamba kila akipiga anauliza, "Oduor amekula?"

Kisha akaniwekea mtoto magotini bila kuniomba ruhusa.

Hafanani na wewe hata kidogo. Ana paji la Espoir, ana masikio ya Espoir, nilitafuta sababu ya kumchukia na sababu zote zilikuwa pale usoni. Ni mzito. Ana kucha ndefu, na amejikwaruza shavu. Nikamwita. "Oduor." Tangu siku ile sikuwa nimemwita mtu aliye hai kwa jina hilo.

Lala sasa, ndugu yangu, usirudi tena uwanjani, mpira umeisha. Sijamsamehe aliyekuua, na usinitumie ndoto kunisihi. Lakini nakuahidi hivi. Kila Alhamisi nitakuwa Columbia Heights, nitamkata kucha huyo mtoto, nitamfundisha kumjua mama yetu kwa jina. Na siku atakapouliza Ruddlesby ni nani, sitamwambia habari za mzungu mwema. Nitamketisha nimwambie baba yake alifanya nini, mimi mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono.

Dada yako,
Akinyi